Stink, stench, reek, odour au funk: uchague neno lipi la Kiingereza kwa harufu mbaya?

Chemba imefurika nyuma ya jengo, maji meusi yanapita mlangoni, na meneja wa jengo ni mgeni asiyesoma Kiswahili. Unachukua simu umwandikie. Kichwani maneno yamejaa: panavunda, uvundo umetanda, pananuka fee! Vidoleni linatoka moja tu: "bad smell". Kisarufi huna kosa, na meneja ataelewa. Ila atakachoelewa ni kwamba kuna harufu fulani isiyopendeza, labda ya soksi, labda ya vitunguu, na shida yako ataipanga nyuma ya taa ya ngazini iliyoungua.

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri na ripoti, nyingi zikiwa za usafi wa mazingira, masoko na maji taka, na hapa ndipo ninapowaona watu hodari wa lugha wakikwama. Mwandishi ambaye kwa Kiswahili hawezi hata siku moja kuchanganya shombo na kikwapa, akivuka kuingia kwenye Kiingereza anatumia neno moja kwa vyote. Au anafungua kamusi, anakuta maneno manne matano yamepangwa mstari mmoja kana kwamba ni mapacha, anaokota la kwanza. Si mapacha hata kidogo. Kila moja lilizaliwa mahali pake, na mahali hapo bado panasikika ndani yake. Ukishajua lilikotoka, kuchagua kunakuwa kwepesi zaidi.

Nimechukua matano yanayowasumbua watu zaidi: stink, stench, reek, odour na funk.

Vigezo nilivyotumia

Kila neno nimelipima kwa mambo manne. Kwanza asili yake, yaani lilianza na maana gani na limepitia wapi. Pili uzito na adabu: linachoma pua kiasi gani, na je, unaweza kuliandika kwa mkurugenzi au ni la kijiweni tu? Tatu sarufi, kwa sababu mengine ni vitenzi, mengine ni nomino tu, na wengi huteleza hapo. Nne mafumbo, kwa kuwa maneno ya harufu hayakai puani peke yake. Huenda kwenye siasa, fedha na tabia za watu. Baada ya hayo nasema linamfaa nani.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Kitenzi "smell" kikisimama bila kivumishi, maana yake huwa mbaya. "The meat smells" si taarifa kwamba nyama ina harufu, ni kwamba imeanza kuharibika, vilevile sisi tunavyosema "hii nyama ina harufu" na muuza bucha akanuna. Na ukimwambia mtu "you smell", umemtukana, hata kama ulikusudia kusifu marashi yake.

Stink

*Asili.* Katika Kiingereza cha kale kitenzi kilikuwa "stincan", na maana yake ilikuwa kutoa harufu, harufu yoyote ile. Maua yaliweza kufanya hivyo, na jaa pia. Kilitumika hata kwa vumbi au mvuke unaopanda. Kijerumani na Kiholanzi nao wana "stinken". Polepole upande mzuri ukafifia, ukabaki uchafu.

*Uzito na adabu.* Ni neno la wazi, kali, la watu wote. Mtoto analisema, muuza samaki analisema, na gazeti likikasirika linaliandika. Ndiyo maana tukio kubwa kuliko yote ya harufu mbaya katika historia ya Uingereza linajulikana kwa neno hili hili: "the Great Stink", London, kiangazi cha 1858.

Inafaa tulisimulie, maana linaonyesha neno hili linavyofanya kazi. Vyoo vya kuvuta maji vilikuwa vimeenea katika nyumba za mji, na vyote mwishowe vilimwaga mtoni Thames. Juni ile joto likapanda na mto ukawa kama chemba iliyo wazi inayokatiza katikati ya mji mkuu. Bunge liko kando kabisa ya mto huo. Mapazia ya madirisha yake yalilowekwa katika dawa ya chokaa na klorini ili kuzuia harufu, na bado wabunge walikimbia kumbi wakiwa wameshika vitambaa puani. Maskini wa mji walikuwa wamelalamika miaka mingi bila kusikilizwa. Harufu ilipoingia Bungeni, sheria ya kujenga mifereji mipya ikapita ndani ya siku 18, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kujenga mifereji mikuu ya urefu wa zaidi ya kilomita 130.

Wengi wakati ule waliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo inayoleta kipindupindu. Daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha mwaka 1854, kwa kufuatilia waliokunywa maji ya pampu moja ya Broad Street, kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya maji. Wengi hawakumkubali, naye akafariki Juni 1858, katika majuma yale yale ya uvundo. Mifereji iliyojengwa kuikimbia harufu ndiyo iliyokuja kuyatenga maji taka na maji ya kunywa.

*Sarufi.* Ni kitenzi na ni nomino. Kitenzi chake hakifuati kanuni: leo "stinks", jana "stank" au "stunk", na kwa tendo lililotimia ni "stunk". "Stinked" haipo, nami naifuta mara kwa mara. Kitu kinachonuka kinatajwa kwa "of": kunuka samaki ni "stink of fish". Kivumishi "stinky" kina sauti ya kitoto. Usikiweke kwenye ripoti.

*Mafumbo.* Yamejaa. Mpango mbovu "stinks". Tajiri wa kupindukia ni "stinking rich". Mwaka 1736 Benjamin Franklin alichapa katika kalenda yake ya kila mwaka kwamba samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu, na kitenzi alichotumia ni hiki. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zinalingana, ila jembe letu lina heshima zaidi. Halafu kuna "raise a stink", ambayo watafsiri wengi huigeuza kuwa "kimenuka". Hapana. Kimenuka ni vurugu imeshalipuka, labda bila aliyeipanga. "Raise a stink" ni mtu anayepaza sauti kwa makusudi mpaka asikilizwe.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa hadithi anayetaka mhusika wake aongee kama watu wanavyoongea, mwanaharakati mwenye bango, yeyote anayesema jambo kwa hasira ya haki. Halimfai anayeandika barua ya kiofisi, na kwa hali yoyote lisielekezwe kwa mtu usiyetaka kumvunjia heshima.

Stench

*Asili.* Ni mtoto wa nyumba moja na stink. Kiingereza cha kale kilikuwa na nomino "stenc", harufu, na hata hiyo iliweza kuwa nzuri: watawa waliliandika neno hili kwa manukato na maua. Tangu mwaka 1200 hivi maana mbaya ndiyo imetawala. Kijerumani kina "Gestank", Kiholanzi "stank", yote kwa uvundo.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu historia hii inaeleza familia nzima. Stink na stench yote mawili yalianza yakiwa hayana upande, yakaanguka. Pengo likajazwa na "smell", nalo sasa limeanza kuanguka, kama tulivyoona kwa ile nyama. Kutoka Kifaransa likaletwa "odour", lenye heshima zake, na leo ukisema chumba kina "odour" hakuna anayefikiria waridi. Neno la harufu lisilo na upande hudumu kwa shida, kwa sababu watu huitaja harufu zaidi inapowakera. Kwetu ni vivyo hivyo: harufu ni neno la kawaida kabisa, lakini mtu akisema "humu ndani mna harufu" hatungoji kivumishi. Tuna bahati moja ambayo Kiingereza hakina: kunuka na kunukia. Irabu moja tu katikati, na ubaya umegeuka uzuri. Mwingereza angehitaji neno jingine kabisa.

*Uzito na adabu.* Hili ndilo zito kuliko yote matano. Ni la kuoza, la mzoga, la maji yaliyotuama, la machinjio ambayo hayajaoshwa. Kwa Kiswahili ninaliona likikaa karibu zaidi na uvundo. Na ajabu yake ni hii: ingawa ni zito kuliko stink, lina adabu zaidi. Linaingia kwenye habari ya gazeti, kwenye ushahidi wa mahakamani, kwenye ripoti ya mtafiti aliyetembelea jalala. Stink inasikika kama mtu anayefoka, stench kama shahidi anayeeleza alichokikuta.

*Sarufi.* Nomino tu. Huwezi kusema kitu "stenches". Inabidi useme kuna "a stench", au uvundo unatoka mahali, au "the stench of" kitu fulani. Anayetafsiri "panavunda" lazima avunje kitenzi chetu na kukijenga upya kwa nomino.

*Mafumbo.* Machache, lakini yana nguvu: "the stench of corruption" ni uvundo wa rushwa, na hapa Kiswahili na Kiingereza vinakutana bila kulazimishana. Hulisikii katika utani.

*Linamfaa nani.* Mwanahabari, mtafsiri wa riwaya nzito, mwandishi wa ripoti anayetaka msomaji aliye mbali aelewe kwamba hali ni mbaya kweli. Halifai kwa jambo dogo. Soksi zenye "stench" zinamfanya msomaji adhani unatia chumvi.

Reek

*Asili.* Moshi. Hilo tu. Katika Kiingereza cha kale "rec" ni moshi, na Kijerumani bado kina "Rauch" kwa moshi. Kutoka moshi neno likaenda kwenye mvuke, kutoka mvuke likaenda kwenye mwili uliochemka kwa kazi na kutoa jasho, na kufika karne ya 18 likawa limetua kwenye harufu mbaya. Alama za moshi ziko wazi mpaka leo. Mji wa Edinburgh unaitwa kwa utani "Auld Reekie", mkongwe wa moshi, kwa sababu ya mabomba ya moshi yaliyojaa juu ya nyumba zake. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, maana yake ni ghuba ya moshi, na moshi wenyewe ni mvuke wa chemchemi za maji moto. Waskoti wana dua ya kumtakia mtu heri, kwamba bomba la nyumba yake lifuke moshi siku nyingi, na neno la kufuka ndani ya dua hiyo ni "reek".

Wanafunzi wa fasihi, hili liwasaidie: Shakespeare, katika soneti ya 130 iliyochapwa 1609, anasema pumzi ya mpenzi wake "reeks". Wengi huandika katika mtihani kwamba mwanamke huyo alikuwa na harufu mbaya mdomoni. Wakati ule neno lilikuwa bado njiani, maana yake zaidi ni kutoka na kupanda kama mvuke. Soneti haimpambi mwanamke yule, ni kweli, lakini haimdhalilishi kiasi hicho.

*Uzito na adabu.* Kali, ila ukali wake ni wa aina yake. Moshi hauketi sehemu moja. Unapanda, unaenea, unang'ang'ania nguo na mapazia. Ndivyo neno hili linavyotumika: kwa harufu iliyokolea kitu chote. Shati la mlevi, gari la mvutaji sigara, koti lililolala kwenye boti la dagaa. Kiadabu liko katikati. Linaandikika gazetini na halifai kwenye barua ya kiserikali.

*Sarufi.* Hutumika zaidi kama kitenzi, na karibu kila mara hufuatwa na "of" na kile kinachonuka: "the car reeks of smoke". Hii ndiyo faida yake kubwa, kwamba linakulazimisha utaje chanzo. Mtu aliyesoma Kijerumani aangalie, maana "riechen" ya Kijerumani ni jamaa wa neno hili na bado ni kunusa au kutoa harufu ya kawaida tu, bila ubaya wowote.

*Mafumbo.* Hapa linang'ara. Barua inaweza "reek of" kukata tamaa, mkataba unaweza "reek of" ufisadi. Maana yake ni kwamba jambo lenyewe halikutajwa popote, lakini limekolea kila mstari.

*Linamfaa nani.* Anayejua harufu imetoka wapi na imeshika nini. Mpangaji anayeeleza chumba alichokabidhiwa, mchambuzi wa siasa, mtafsiri anayekutana na "ananuka pombe". Kwa chanzo usichokijua, tafuta jingine.

Odour

*Asili.* Kilatini "odor", kupitia Kifaransa cha watawala wa Uingereza, kufikia mwaka 1300 hivi. Lina ujamaa na kitenzi cha Kigiriki cha kunusa ambacho pia kilizaa ozoni: mwanakemia Christian Friedrich Schönbein aliipa gesi hiyo jina mwaka 1840 kwa sababu ya harufu yake.

*Uzito na adabu.* Jepesi kuliko yote na la kiofisi kuliko yote. Daktari analitumia, mkaguzi wa afya analitumia, maelekezo ya dawa na mitungi ya gesi yanalitumia. Chukua mtungi wa gesi ya kupikia jikoni kwako. Gesi yenyewe haina harufu. Kiwandani huongezwa kemikali ya jamii ya mekaptani, inayonuka kama kabichi iliyooza, ili ikivuja pua ikuonye kabla ya kiberiti. Marekani ilijifunza hilo kwa msiba: tarehe 18 Machi 1937, shule moja ya New London, jimbo la Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kunusa chochote, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo kuitia gesi harufu kukawa sheria. Katika maelekezo ya usalama, harufu hiyo inayookoa maisha ndiyo huitwa "odour", kwa sababu neno halimkasirishi mtu wala halimcheki. Linataja tu kilichopo.

*Sarufi.* Nomino. Waingereza wanaandika "odour", Wamarekani "odor". Shuleni kwetu hufuatwa tahajia ya Uingereza, lakini angalia: hata Mwingereza huiondoa ile u katika "odorous" na "deodorant", na huibakiza katika "odourless". Kwa kuwa neno lenyewe ni jepesi, mara nyingi linahitaji kivumishi: kali, chafu, isiyo ya kawaida. Likiachwa peke yake bila maelezo, msomaji huelekea upande mbaya.

*Mafumbo.* Karibu hakuna. Mtu aliyekosa kibali kwa wakubwa husemwa yuko "in bad odour", lakini ni usemi wa vitabuni.

*Linamfaa nani.* Anayeandika rasmi, na anayetaka kumsitiri mtu. Mwenzako ana kikwapa na wewe ndiye uliyeombwa kuzungumza naye, kwa faragha na kwa upole? Ni hili. Hata hapo, usilifupishe kuwa "B.O.", yaani "body odour", harufu ya mwili: herufi hizo mbili, zilizovumishwa na matangazo ya sabuni ya Lifebuoy huko Marekani, zina dhihaka ndani yake.

Funk

*Asili.* Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu linaweza kuwa na damu ya kwetu. Kamusi nyingi zinalipeleka kwenye lahaja za Kifaransa, kitenzi cha kufukiza moshi, na nyuma yake Kilatini cha moshi; lilianza kuandikwa katika karne ya 17, kwa harufu nzito ya moshi wa tumbaku. Lakini Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa za Afrika na za Waafrika wa ng'ambo, alionyesha njia nyingine. Kikongo, lugha ya Kibantu ya pwani ya magharibi ya Kongo na Angola, kina neno "lu-fuki", harufu kali ya mwili. Kwa Wakongo, alieleza, harufu hiyo inaweza kuwa sifa: ni jasho la mtu aliyejituma mpaka akatimiza alichokikusudia. Watu waliotekwa Kongo na kuvushwa bahari walikuwa wengi katika Marekani ya watumwa, na New Orleans walikokutana Jumapili kupiga ngoma bado kuna mahali panapoitwa Congo Square.

Sioni haja ya kuitupa njia moja ili nyingine isimame. Neno la Kizungu la moshi na neno la Kibantu la jasho yanaweza kuwa yalikutana midomoni mwa watu waliozijua sauti zote mbili. La hakika ni kwamba uzuri ulioingia ndani ya neno hili uliingizwa na Wamarekani weusi. Wanamuziki wa jazi walisema muziki ni "funky" wakimaanisha una udongo na jasho, haujapakwa poda, na kufikia miaka ya 1960 James Brown na wenzake wakalifanya neno hili liwe jina la muziki mzima. Kati ya maneno yetu matano yote yaliyoanguka au kuelekea kuanguka, hili moja limenyanyuliwa.

*Uzito na adabu.* La wastani, la mtaani, na la Marekani zaidi ya Uingereza. Ni harufu ya mwili, ya chumba cha mazoezi, ya kilichochacha.

*Sarufi.* Nomino, na kivumishi "funky" ambacho hutumika zaidi ya nomino yenyewe. Mtego mmoja: kuwa "in a funk" ni kuwa na huzuni au unyonge wa moyo, hakuhusiani na harufu. Na kwa Mwingereza, "blue funk" ni hofu kuu.

*Mafumbo.* Muziki, mavazi, na sasa vyakula. Waandishi wa mapishi husifu jibini au kinywaji kilichochachushwa kwamba ni "funky". Ukitaka kumweleza mgeni mtindi uliokaa kibuyuni, au pombe ya mnazi ya jioni, bila kumfukuza mezani, neno hili linakufaa.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa muziki, wa chakula, wa mazungumzo ya vijana. Si la ripoti ya maji taka.

Chemba moja, maneno matano

Turudi kwenye barua, tuone yanavyobadilisha sauti. "The drain stinks" ni mtu aliyechoka anayesema na jirani. "There is a stench coming from the drain" ni mtu anayetoa taarifa nzito, na meneja akisoma hii ataelewa kwamba kuna kitu kinaoza. "The whole corridor reeks of sewage" inamwambia chanzo na kwamba harufu imeshaingia ndani. "A strong odour from the drain" ni barua ambayo nakala yake inaweza kwenda kwa bwana afya. "A bit of a funk" itamfanya meneja atabasamu, na hakuna mtu atakayetumwa.

Yanayopita pembeni

Yako mengine utakayokutana nayo. "Pong" ni la Waingereza, la utani, zuri katika mazungumzo ya nyumbani. "Rancid" ni la mafuta au siagi iliyochacha tu, "musty" ni la ukungu na nguo zilizofungiwa, na ukilitumia lolote kati ya hayo mawili kwa maji taka umekosea kitu chenyewe. "Fetid" ni la vitabuni, la hewa nzito iliyooza. "Miasma" lilitoka Kigiriki likiwa na maana ya doa au najisi, likawa jina la ile hewa mbaya iliyodhaniwa kuleta magonjwa. Imani hiyo hiyo ndiyo iliyoipa malaria jina lake, kutoka Kitaliano cha hewa mbaya. Na "noisome", tafadhali, halina uhusiano wowote na kelele. Limetokana na neno moja na "annoy", kuudhi, na hutumika kwa harufu inayochukiza. Nimeshasoma tafsiri ambamo kinamasi chenye harufu ya kutapisha kiligeuka kuwa kinamasi chenye makelele.

Kwa hali yako

Kama unaandika malalamiko kwa ofisi na unataka yachukuliwe hatua, anza na "odour" kwenye kichwa cha barua, kisha ndani ya maelezo tumia "stench" mara moja, pale unapoeleza hali ilivyo mchana wa jua. Mara moja inatosha.

Kama ni habari ya jalala, soko la samaki au machinjio, "stench" ibebe sentensi ya mwandishi na "stink" ibaki ndani ya alama za kunukuu, kama msemaji ndivyo alivyosema. Usimpambe mama lishe aliyesema "pananuka" kwa kumpa neno la mahakamani.

Kama unatafsiri riwaya, angalia kwanza kitenzi cha Kiswahili. "Ananuka sigara" inakwenda kwenye "reeks of" bila shida. "Uvundo ulitanda" ni "stench". Shombo na vumba havina neno moja la Kiingereza. Taja samaki, kisha uchague kitenzi kwa ukali unaoutaka. Kikwapa nacho kitaje kama kilivyo, harufu ya kwapa, na upole au ukali uutoe kwa neno utakaloweka mbele yake.

Kama ni mtihani wa insha, "stench" na "reek of" yakitumika mahali pake yatamwonyesha mtahini kwamba una msamiati. "Stinky" halitaonyesha hivyo.

Kama unaongea na mgonjwa, mzee au mfanyakazi mwenzako kuhusu mwili wake, ni "odour" peke yake, na sauti iwe ya chini.

Kama unaandika kuhusu ngoma, dansi au chakula kilichochachuka na unakipenda, tumia "funky" bila woga.

Na kama ni jikoni, umesikia ile harufu ya kabichi iliyooza na mgeni wa Kizungu yuko sebuleni, usichague neno. Mwambie "gas!", funga valvu ya mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa, na mtoke nje wote.